Moto ndani ya chombo: nilivyochagua hita ya boti ninamoishi

Mjomba wangu, ambaye amevua dagaa katika Ziwa Victoria tangu enzi za karabai, alininyamazia kwa muda pale mwaloni Kirumba, Mwanza, nilipomweleza kwamba nyumba yangu Uingereza ni boti ya chuma yenye upana wa mita mbili na kidogo, iliyoegeshwa mferejini, na kwamba ndani yake mna jiko la makaa ya mawe. Kisha akauliza, "Mpwa wangu, unawasha moto ndani ya chombo, unafunga mlango, halafu unalala?" Sikumjibu vizuri siku ile, na ndiyo maana naandika.

Baridi ya Mwanza humalizwa na sweta. Kule, mwezi Januari, maji ya mfereji huganda juu, na bati la chuma lililolala ndani ya maji hayo hunyonya joto lote hadi kuta zinatokwa jasho. Bila hita hukai wiki.

Umeme niliuondoa kwenye hesabu mapema. Hita ya wati 2,000 ikitegemea betri za volti 12 huvuta zaidi ya ampea 160, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 haifiki hata dakika 40. Gesi ya mtungi ilinivutia kwa sababu naijua tangu nyumbani, lakini ni nzito kuliko hewa: ikivuja katika nyumba ya kwetu mtaani Nyakato hupata upenyo chini ya mlango, ilhali ndani ya boti huteremka hadi kwenye ngama, chini ya sakafu, ikatulia huko kama maji, ikingoja cheche. Zaidi ya hayo, hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi huongeza unyevu, maana kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji yanayoelea hewani kama mvuke. Kwa boti ambayo tayari inatokwa jasho, hilo ni balaa.

Likabaki jiko la makaa nililolikuta humo nilipoinunua. Lina joto zuri, halihitaji umeme, na ugali huiva juu yake. Hata hivyo, majira yangu ya kwanza ya baridi upepo ulikuwa ukiingia kupitia matundu ya hewa, nami, kwa kutojua, nikayaziba kwa taulo. Saa tisa usiku king'ora cha kaboni monoksaidi, hewa ya sumu itokanayo na moto, kilipiga kelele juu ya kichwa changu. Ndani hamkuwa na moshi wala harufu yoyote. Makaa yalikuwa yamefunikwa na majivu, yakiungua polepole kwa kukosa hewa. Nilifungua mlango, nikatoka, nikasimama ukingoni juu ya barafu nikiwa nimejifunga shuka, kichwa kikigonga. Huku sote tumesikia habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa mvua wasiamke asubuhi. Ni hewa ileile, isiyoonekana, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa bahati, kanuni za usalama katika mifereji mingi ya Uingereza zinadai king'ora hicho kwenye boti za kulala tangu Aprili 2019, la sivyo nisingekinunua.

Kuanzia usiku ule sikuuliza tena hita ipi ina joto zaidi. Niliuliza moto wake unapumua wapi. Hita ya dizeli ilinijibu vizuri kuliko nyingine: dizeli huungua ndani ya chemba iliyofungwa, bomba moja huvuta hewa kutoka nje na jingine hutoa moshi nje, na feni hupitisha hewa ya chumbani juu ya chuma chenye moto bila hewa hizo mbili kukutana. Hunywa takriban robo lita kwa saa ikiwashwa kwa nguvu. Inapowaka huvuta ampea nane hadi kumi kwa dakika chache, kisha hutulia.

Usalama wake lakini uko kwenye ufungaji. Bomba la moshi hupata moto mkali, hivyo ni lazima livikwe kitambaa kisichoungua, lipinde juu kabla ya kutoka ubavuni ili maji yasirudi ndani, na litokee mbali na tundu linalovuta hewa. Ukiizoesha moto mdogo tu, masizi huijaza. Ukiizima, usikate umeme mpaka feni imalize kuipoza.

Jiko la makaa sikuling'oa, kwa kuwa betri nazo hufa. Matundu ya hewa yako wazi.

Nilipomchorea mjomba haya yote mchangani kwa kijiti, aliitazama ile alama ya bomba la moshi, akageuka kutazama mitumbwi iliyobanana ubavu kwa ubavu nyuma yetu, akauliza, "Na jirani aliyeegesha upande huo, dirisha lake liko wapi?" Bomba langu liko kushoto. Nikirudi, boti itageuzwa, upande huo utazame katikati ya mfereji.