Prado na karavani, Nakuru hadi Kisumu: upepo ndio mla mafuta

Karavani sasa ina mlango unaofunga, taa za nyuma zinawaka, na hatimaye nina hesabu ya mafuta ninayoweza kuitetea mbele ya mtu.

Gari ni Prado 150 ya dizeli, injini ya 1KD ya lita 3.0, otomatiki ya gia tano. Karavani yenyewe imechomelewa hapa hapa Nakuru: fremu ya chuma, ukuta wa alumini, vitanda viwili, sinki na tangi la maji la lita 100. Kwenye mizani ya ghala moja la mahindi ilisoma kilo 1,400 na kidogo. Ukiweka gari, watu, sufuria na godoro, msafara mzima unakaribia kilo 3,800.

Napima kwa kujaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, kisha najaza tena mwisho wa safari kwa namna ile ile. Mhudumu akianza kulitingisha gari ili liingie zaidi, namkataza. Hapo lita moja au mbili hupenya na hesabu yote imeharibika. Takwimu ya dashibodi naiangalia tu, siiandiki. Na daftari langu ni la lita, si la shilingi. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei mpya za mafuta kila tarehe 14, kwa hiyo ukiandika pesa peke yake hutajua kama mguu ulikuwa mzito au bei ndiyo iliyopanda.

Matokeo: Prado peke yake kwenye barabara kuu hunipa kilomita 10 kwa lita. Ikiwa na karavani, nikishikilia 80 kwa saa, ni kilomita 7. Nikiisukuma hadi 95, zinabaki 6 hivi. Lakini hiyo 7 ni ya kwenda na kurudi kwa pamoja, na hapa ndipo watu wengi hudanganyana. Kwenda Kisumu napata 7 na nusu, kurudi 6 na nusu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130. Anayejisifu kwa safari ya kuteremka anasifu mteremko, si gari lake.

Nilidhani mlima ndio adui, hasa ule wa kurudi, Ahero hadi Kericho na kuendelea hadi Mau Summit, ambako unavuka mita 2,400. Nikakaa na kalamu. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi za nishati, na kiasi cha theluthi tu ndicho hufika kwenye magurudumu. Kupandisha msafara wangu mita 1,300 kunahitaji lita nne. Sehemu ya karavani humo ni lita moja na nusu. Ilhali karavani inaniongezea kama lita nane kwa kila upande wa safari! Toa hiyo moja na nusu, toa na msuguano wa matairi yake, karibu lita mbili, na zote zilizobaki zinaliwa na ule uso wake mpana unaochungulia juu ya paa la Prado.

Upepo haubembelezwi. Nguvu yake hukua kwa mraba wa kasi: kutoka 80 hadi 95 inaongezeka kwa asilimia 41, na wewe unafika Kisumu dakika ishirini mapema, kama hukukwama nyuma ya trela za Malaba. Saa pia ina maana. Alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo tambarare ya Ahero unaikabili uso kwa uso. Siku hizi naondoka Nakuru alfajiri nipite pale kabla haujaamka vizuri. Kule juu Mau hewa ni nyepesi kwa asilimia 20 kuliko pwani, unafuu ambao hakuna anayeushukuru kwa sababu uko kwenye mpando.

Fundi aliyefunga ekseli alishikilia kwamba nimwage maji ya tangi kabla ya kupanda. Kilo 100, alisema, si mchezo. Kwa heshima zote kwake, hesabu inasema sitaokoa hata theluthi ya lita Kisumu hadi Nakuru. Nayabeba, nachemshia chai.

Kilichosaidia zaidi ya nilivyotarajia ni gia. Ikiachwa kwenye D, otomatiki inahangaika kati ya nne na tano kila kilima, na mafuta ya giaboksi yanapata moto. Naiweka kwenye S4 mpandoni, yaani isivuke gia ya nne, inatulia.

Kinachofuata ni kukata uso wa mbele wa karavani uwe wa mshazari, na kufunga kinga ya upepo ya faibaglasi juu ya paa la Prado. Nikipata hata nusu kilomita zaidi kwa lita nitaandika hapa, na nisipopata nitaandika vilevile. Ila kabla ya yote hayo ni breki za karavani. Kushuka kutoka Sachangwan hadi Salgaa na kilo 1,400 zikikusukuma mgongoni si mahali pa kufikiria kilomita kwa lita, na fundi ameshaagizwa ngoma na kebo za breki.