Mwimo wa Mlango wa Ngazi

Wiki mbili zilizopita nilipiga magoti mbele ya mlango wa ngazi za dharura, ghorofa ya pili ya hosteli ninayoisimamia hapa Mbeya, nikiwa na tochi na ncha mbili za drili, moja ya milimita 3 na nyingine ya milimita 4. Mlango huo ni wa kuzuia moto, umetengenezwa ustahimili dakika 30, na ukiutazama kwa mbali unang'aa kwa rangi mpya. Kwa juu, upande wa kitasa, ncha ya milimita 3 haikupita kabisa kwenye uwazi kati ya mlango na fremu, ilhali upande wa bawaba ile ya milimita 4 ilipita na kucheza. Mlango ulikuwa umelala, na ubao wake haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mwimo, yaani nguzo ya pembeni ya fremu inayobeba bawaba.

Nilikwaruza rangi kwa msumari karibu na bawaba ya juu. Puti ilimomonyoka, na chini yake ukatokea ufa wenye urefu wa shubiri moja uliofuata mstari wa skrubu. Skrubu mbili hazikuwepo, na mahali pake palikuwa na misumari. Aliyefanya hivyo pengine alitaka kusaidia, lakini aliufunika ugonjwa bila kuutibu, na kwa kuwa rangi ilikuwa nzuri, sote tulipita hapo miezi mingi bila kushtuka.

Nimeona wengi wakikagua mlango wa moto kwa kugonga ubao wake na kujaribu kitasa, kisha wakaondoka. Mlango wa namna hii hupimwa kiwandani ukiwa pamoja na fremu yake, bawaba zake na mkanda mwembamba uliopachikwa ukingoni, ambao huvimba joto linapokaribia nyuzi 200 na kuziba uwazi. Mkanda huo umekusudiwa uwazi wa milimita 2 hadi 4. Uwazi ukizidi hapo, mkanda hauwezi kuufikia upande wa pili, na moshi, ambao kwa kawaida huwawahi watu kabla ya mwali, hupenya hadi kwenye ngazi zile zile wanazozikimbilia. Baada ya jengo la Grenfell Tower kuungua jijini London mwaka 2017 na kuua watu 72, mlango mmoja wa nyumba uliochukuliwa humo ulipopimwa ulihimili takribani dakika 15 badala ya 30.

Hali ya hewa ya huku kwetu nayo ina mchango wake. Mvua za Novemba hadi Aprili huvimbisha mbao, mlango ukaanza kukwama, na mtu akaleta randa. Ikifika Juni, baridi kavu hurudisha mbao nyuma na uwazi ukabaki wazi. Wanafunzi nao huegemeza tofali ili mlango usijifunge wanapopandisha magodoro na matranka, na kila mlango unaposukumwa dhidi ya tofali hilo, skrubu za bawaba hung'oka kidogo kidogo. Mafundi wa intaneti, kwa upande wao, walitoboa kichwa cha fremu ghorofa ya tatu wakapitisha waya, wakaliacha tundu hivyo hivyo.

Nilimwita fundi seremala mmoja mtu mzima wa Uyole. Baada ya shikamoo na marahaba aliinama, akaingiza kisu kwenye ufa, akaniambia, "Mwanangu, hapa usiniambie habari ya puti." Alitaka kuukata mwimo pale ulipopasuka na kupachika kipande cha mninga kwa gundi, kisha kuziba matundu ya zamani kwa vijiti vya mbao ngumu kabla ya kufunga skrubu mpya ndefu. Nilimwuliza kama paina ya shamba la miti la Sao Hill isingefaa kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Paina ni mbao nzuri kwa kenchi, lakini moto huila karibu milimita 0.7 hadi 0.8 kwa dakika, na mbao ngumu huliwa karibu nusu milimita tu. Pale bawaba inaposhika, tofauti hiyo ni kubwa. Kiraka kisiwe chepesi kuliko mbao iliyokuwepo.

Kuna fremu ambazo hazistahili kiraka. Ile ya ghorofa ya chini imeliwa na mchwa kuanzia sakafuni, kisu kinazama bila nguvu, na mwimo umejitenga na ukuta kiasi kwamba mlango ukijibamiza lipu hudondoka. Hiyo itang'olewa, na mlango utafungwa upya pamoja na fremu yake kama seti moja, huku nafasi kati ya fremu na ukuta ikijazwa sufi ya mawe, yaani nyuzi za mwamba zisizoungua, na gundi ya kuziba inayovimba kwa joto, si povu la kawaida la madukani, kwa sababu povu hilo huungua. Nimeandika gharama zote katika barua kwa mwenye jengo na kuambatanisha picha ya kisu kikiwa ndani ya mbao.

Mwimo wa ghorofa ya pili ulikamilika Ijumaa. Jana jioni niliupima tena: milimita 3 juu, 3 katikati, 3 chini, pande zote mbili. Nimeliondoa lile tofali, na kesho asubuhi naanza na tundu la waya.