Wakazi wa Shavuni

Nilipokuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Iringa, maabara yetu ilikuwa na hadubini mbili tu zinazofanya kazi. Hazikutumia umeme. Chini zilikuwa na kioo kidogo cha kugeuzageuza mpaka kinase mwanga wa dirishani. Wingu likipita, huoni kitu. Foleni ilikuwa ndefu, na maneno mengi.

Tulianza na kitunguu maji. Madam alibandua ule utando mwembamba wa ndani ya gamba, akaudondoshea aidini, tukaona seli zimepangana kama matofali, kila moja na kiini chake. Mbishi wa darasa hakuridhika: daftari linasema seli ya mmea ina kloroplasti, mbona hapa hamna ukijani? Madam akamwambia sehemu ile hukaa gizani, haitengenezi chakula, kloroplasti za nini? Swali zuri, nafikiri mpaka leo, maana sisi wengine tungechora kijani kibichi bila kuangalia.

Halafu zikaja seli zetu wenyewe. Unakwangua ndani ya shavu kwa kijiti cha meno, unapaka kwenye slaidi, tone la methilini buluu, basi. Nilipozungusha kirekebishi taratibu zikajitokeza seli bapa zenye kingo zilizokunjamana, kiini katikati kimekolea buluu. Ndiyo tishu inayofunika shavu kwa ndani. Hubanduka kila siku tukaimeza na mate. Lakini juu ya seli moja palitapakaa vidoa vidogo mno, vingine viwiliviwili, vingine vimefuatana mstari.

"Madam, hizi ndizo mitokondria?"

Akainama, akaangalia kwa muda. "Mitokondria, vile vijisehemu vinavyoipa seli nishati, zimo, ila kwa rangi hii na hadubini hii huzioni. Hao ni bakteria. Bakteria wako mwenyewe."

Darasa zima likacheka. Nikajitetea kwamba nilipiga mswaki asubuhi. Akasema hata Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, aliyejitengenezea hadubini, alikuwa akisafisha meno yake vizuri, na bado mwaka 1683 aliwaandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kwamba utando alioukwangua kwenye meno ulijaa viumbe vinavyotembea.

Kisha akaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye silabasi. Mitokondria nazo zina ukubwa wa bakteria, zina utando wa tabaka mbili na DNA yake ya duara, tofauti na ile ya kwenye kiini, na hujigawa zenyewe. Wanasayansi wanaamini asili yake ni bakteria waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, wasiyeyushwe, wakabaki humo wakiitengenezea nishati.

"Kwa hiyo Madam," mbishi akadakia, "tukimcheka huyu tunajicheka wenyewe?"

Hakujibu. Alikuwa ameinamia daftari langu, ambamo nilikuwa nimechora vile vidoa vyote kwa uangalifu mkubwa.

"Vizuri sana," akasema. "Kwenye mtihani usiwachore. Watakukata alama."