Mchunga, ubuyu na vidonge: nilivyopandisha damu nikiwa mjamzito Malindi

Mimba yangu ya pili ilinikuta na damu 9.4. Muuguzi wa kliniki akaiandika kwenye kitabu, akaizungushia duara, akanieleza kuwa mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, na agizo lile tunalolijua sote: kula mboga za majani. Mboga zipi sasa? Harufu ya sukuma wiki ikinipitia puani tu, mbio nje kutapika.

Mimi kwetu Lamu, nimeolewa Malindi. Nimelelewa kwa mchicha wa papa, kisamvu na majani ya kunde. Mboga za mwitu nilikuwa nikiziona tu kwenye mabeseni ya akina mama wa Kigiriama wanaotoka mashambani kuja kuuza mjini, na sikuwahi kuzipika. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, jaribu mchunga. Kichungu hukata kichefuchefu." Kwa wengine sijui, lakini kwangu alisema kweli. Vitamu na vya mafuta mengi ndivyo vilivyokuwa vikinitapisha.

Mama anayetuletea mboga ndiye aliyenifundisha kuchagua. Mchunga mzuri ni ule mchanga, ambao haujatoa maua ya manjano. Ukivunja kikonyo, unatoka utomvu mweupe kama maziwa, unaonata vidoleni mpaka uusugue kwa ndimu. Majani huoshwa yakiwa mazima, ndipo yakatwe membamba. Ukikata kwanza kisha ukaosha, uzuri wake unamwagika na maji. Unayatia kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, yakilainika unamwaga na kukamua. Wapo wanaochemsha na kumwaga mara mbili mpaka uchungu wote uishe. Mimi nilimwaga mara moja, maana kwenye maji yale foliki nayo inakwenda.

Mchunga peke yake ni mkali hata kwa aliyeuzoea, kwa hiyo huchanganywa. Nilitia mnavu na tsalakushe, mboga nyingine ya mwitu, ambayo ni laini na haina makeke. Mnavu una jambo lake: vile vitunda vya kijani viondoe vyote, vina sumu. Kisha ni kitunguu, nyanya, tui jepesi, na mwisho kabisa kasimile, yaani tui zito la kwanza, moto mdogo, bila kufunika, huku unakoroga ili tui lisikatike. Nikipata ng'onda, samaki mkavu, humchambua na kumtia humo. Samaki husaidia mwili kuyachukua madini yaliyomo kwenye mboga, na vilevile bila yeye sima haishuki vizuri, tusidanganyane.

Kilichonitaabisha hasa ni chai. Mtu wa Pwani kumtenga na chai ya rangi baada ya chakula ni kumtafutia ugomvi. Lakini muuguzi alinifafanulia vizuri: majani ya chai huyashika madini ya chuma tumboni, mwili ukakosa kuyanyonya, hata yale ya kwenye vidonge. Chai nikaisogeza saa kumi, mbali na chakula. Mahali pake mezani nikaweka maji ya ubuyu. Sisemi mabuyu mekundu ya sukari na rangi ambayo watoto hununua madukani. Nilinunua mabuyu makavu yenye maganda, nikayavunja, nikaroweka kokwa na unga wake kwenye maji ya kawaida, nikayavuruga kwa mkono mpaka kokwa zikabaki nyeusi, nikachuja. Haichemshwi. Ubuyu una vitamini C nyingi, na ndiyo inayoyafungulia njia madini ya mboga, ukiuchemsha unaipunguza. Kidonge cha usiku nacho nilikimeza kwa maji hayohayo.

Vidonge vina vituko vyake. Choo kinakuwa cheusi, na hilo ni la kawaida, lakini pia kinafunga. Hapo ukwaju uliniokoa: glasi ya asubuhi, sukari kidogo tu. Na wale wenzangu mnaotafuna udongo mkiwa na mimba, mimi pia hamu ilinishika, hasa mvua ya kwanza ikinyesha na ardhi ikanukia. Udongo unakuletea minyoo na kukunyima damu. Nilikuwa nikitafuna embe mbichi kwa chumvi mpaka hamu ikapita.

Upande wa dawa za mitishamba nilikuwa mgumu, na nilisemwa. Nilipopata homa, shangazi wa mume wangu alikwisha kuchuma mwarobaini na kuinjika sufuria. Nikamwambia, "Shangazi, shikamoo, nakuomba unisamehe, hili sinywi." Mwarobaini haumfai mjamzito, na homa huku kwetu huenda ni malaria, ambayo haingojei. Nilikwenda kupimwa siku ileile. Mizizi na maganda ya mlonge pia niliyakataa, kwani yanaweza kuharibu mimba. Majani yake ni chakula, hayo ni mengine. Kivumbasi kilichomwa chumbani jioni kufukuza mbu, na chandarua kikashushwa vilevile.

Mwezi wa nane wa mimba nilipimwa, damu ikawa 11.2. Ukiniuliza kipi kilichoipandisha, nitataja vidonge kwanza. Mboga na ubuyu vilisaidia, na vilinipa kitu cha kula kisichorudi juu.

Mbegu za uwatu mavyaa aliuficha mpaka nilipojifungua, kwa kuwa huogopwa kuwa unaamsha uchungu kabla ya wakati. Arubaini ilipoanza aliutoa: unarowekwa usiku, asubuhi unatiwa kwenye uji. Maziwa yalikuja, ila jasho langu lote lilinukia uwatu, na kanga nazo.

Sasa ni kiangazi na mchunga umekomaa, hauliki. Natumia majani ya mlonge wa uani: nayakonyoa kwenye vijiti, naanika kivulini yasipoteze rangi, natwanga, nachekecha. Kijiko kimoja kwenye mchuzi wa kunde wakati wa kuepua kinatosha, ukizidisha unakuwa na ladha ya nyasi.