Maswali Matatu Kabla ya Kusikiliza

Rekodi ile niliichukua mwenyewe kwa simu, asubuhi, pale soko la samaki Darajani. Mama ananunua changu, muuzaji anamwita "dada", na kelele za soko zote zimo. Dakika moja na nusu tu. Nikawawekea wanafunzi wangu, wageni waliokuja Unguja kujifunza Kiswahili, nikiamini wataifurahia. Nilipozima, kimya. Kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini anamwambia afungue?"

Alisikia "fungu", akadhani ni "fungua". Baada ya hapo hakusikia tena kitu, akili imebaki mlangoni. Nilisikitika, maana kosa lilikuwa langu: niliwatupa sokoni bila kuwaandaa.

Darasa lililofuata nikaanza na maswali. "Unapenda samaki?" Wakajibu ndiyo, hapana, basi. Nikazidisha mengine mpaka yakafika kumi. Kipindi kikatuishia kabla hatujasikiliza vizuri.

Siku hizi nauliza matatu, nao wanajadili wawili wawili. Kwenu samaki huuzwa kwa kilo au kwa kukadiria kwa macho? Bei ikiwa ghali, mnunuzi husemaje? Na muuzaji humwitaje mtu asiyemjua?

Hapo darasa huchangamka. Mjerumani mmoja alisema kwao bei imeshaandikwa, kuomba upunguziwe ni aibu. Mwenzake wa Korea Kusini akamkatalia: soko la samaki la Busan, kina bibi wauzaji unabishana nao, na ukimpendeza mmoja anakutilia na kitu juu. Alitaka neno la hicho "kitu juu" akalikosa. Nikaandika ubaoni "nyongeza". Mwingine akawa anachora kilima kwa mikono juu ya meza, samaki waliopangwa pamoja. Nikampa "fungu". Neno likimfika mtu wakati analihangaikia, halimtoki tena. Hili nimeliona mara nyingi mno.

Jambo moja siwaambii: mwisho wa mazungumzo. Kila mmoja anaandika daftarini bei anayodhani mama atalipa, ndipo nawasha.

Safari hiyo hakuna aliyeuliza habari za kufungua. Mama aliposema, "Nipunguzie basi," na muuzaji akasita, yule wa Korea akaropoka, "Hapunguzi, atamwongeza!"

Sote tukanyamaza kusikiliza. "Haya dada, elfu tano ile ile, na huyu mdogo chukua."

Wakaniomba niirudie tangu mwanzo.