Vifaa vya Mtoto na Dakika Nisizomwangalia

Kwa kuwa mwanangu ameanza kutambaa, wiki hii nimekuwa nikivipitia upya vifaa vyake, vya kununuliwa na vya kupewa, nikiamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Kigezo changu ni kimoja: kitu hiki kitamfanya nini mtoto katika dakika ile nitakapokuwa nimegeuka kuzima jiko, au nimepitiwa na usingizi? Matangazo ya biashara humwonyesha mzazi aliye karibu na mwenye macho makavu, nami sipo hivyo saa zote.

Kwa kigezo hicho, kitanda chake kimebaki kitupu kiasi kwamba baadhi ya wageni hukionea huruma. Kina godoro gumu lililo bapa, linalojaa kitanda bila kuacha pengo, na shuka iliyobana; basi. Mito, wanasesere na zile sponji za kuzungushia kingo nimeviondoa, kwa sababu mtoto mchanga uso wake ukizama kwenye kitu laini huenda asiweze kujinasua. Vitanda vyenye mwinamo navyo vina hatari yake, kwani kichwa cha mtoto ni kizito, na kikiinama mbele hadi kidevu kiguse kifua, njia ya hewa hubanwa. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku sponji hizo pamoja na vitanda vya watoto wachanga ambavyo mwinamo wake unazidi nyuzi 10. Ugumu uliobaki ni wa kumweleza aliyekuletea mto uliodariziwa kwa mkono.

Shanga za kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ambazo husemwa kwamba hutuliza maumivu ya meno yanayoota, sikuzifikiria mara mbili. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi yake, baada ya mtoto wa miezi 18 kunyongwa na mkufu wa aina hiyo akiwa amelala. Kitambaa safi kilicholoweshwa na kupozwa humpa wangu nafuu ya kutosha.

Kilichonichosha zaidi ni vitu vidogo. Viwango vya usalama vya vitu vya kuchezea hutumia silinda ndogo yenye kipenyo cha milimita 31.7, na kitu kinachoingia chote ndani yake hakimfai mtoto aliye chini ya miaka 3. Ninachokiogopa kuliko vyote ni betri ndogo za duara, kwa kuwa ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama kwa muda wa saa 2 tu. Kila kitu kinachowaka taa au kuimba, ambacho kifuniko cha betri yake hakikufungwa kwa skrubu, kimeondoka.

Mbeleko imebaki, na ningeichagua tena kabla ya chochote. Huniachia mikono huru, naye huwa ametulia kifuani pangu ninapoweza kumwona uso, kidevu chake kikiwa hakijalala kifuani, magoti yakiwa juu kuliko makalio na mapaja yametanuka, mkao unaozifaa nyonga zinazokua. Kigari cha kujifunzia kutembea, kwa upande mwingine, humpa mtoto mwendo wa kumfikisha kwenye ngazi kabla yangu; Kanada ilikipiga marufuku tangu mwaka 2004. Kipimajoto cha maji ya kuogea sikihitaji, kiwiko changu kinatosha.

Limebaki suala la kiti cha gari. Jamaa yetu amejitolea kutupa alichotumia mwanawe, na kinaweza kufungwa kikielekea nyuma, jinsi ninavyotaka. Hata hivyo, kiti kilichopitia ajali kinaweza kuwa kimedhoofika bila kuonyesha ufa wowote, na plastiki nayo huchakaa kwa miaka. Nimemwandikia kumwomba tarehe ya kutengenezwa na historia ya gari lilimokuwa. Asipokuwa na uhakika, tutanunua kipya na kuahirisha kununua kigari cha kumsukumia mtoto.