Laki moja na gari jeupe

Jumamosi binamu yangu alinikuta kibandani Ngamiani, Barabara ya 12, nahesabu floti, pesa ya miamala ya simu. Hata salamu hajamaliza, keshanisogezea simu puani: video ya kijana kaegemea gari jeupe. "Dada, hii sarafu ya mtandaoni inalipa asilimia 1 kila siku. Weka laki tu."

Nikavuta kalkuleta yangu, ile yenye kitufe cha 4 kilichofutika. Laki moja, faida ikirudi kwenye mtaji kila siku, kwa mwaka inapita milioni 3.7. Sasa mwenye mashine ya pesa kama hiyo, laki yangu ya nini? BitConnect, wenye sarafu nyingine ya mtandaoni, nao waliahidi karibu hivyohivyo. Januari 2018 wakafunga mpango wao wa kukopeshwa na wateja, bei ya sarafu yao ikaporomoka.

Nikaomba maelezo ya mradi. Kurasa 40, roketi kila mahali. Waraka wa Bitcoin wa 2008 una kurasa 9, hauna gari hata moja, na programu yake iko wazi: ukomo wa sarafu milioni 21 unausoma mwenyewe humo. (Bei kuyumba ni kesi nyingine. Mimi sina hata moja.)

"Nikitaka kutoa kesho?"

"Mpaka siku 90 ziishe, dada."

Nikamrudishia simu. Kulikuwa na mama anasubiri kutoa elfu kumi.